Kaseti Mbili za Wimbo wa Baba

Ijumaa, 7 Juni

...na bado sijamaliza kumsifu! Mume wangu (mume wangu! wiki ya sita ya ndoa na bado nacheka peke yangu nikiliandika neno hili) ana kompyuta ya tangu hatujazaliwa. Kibodi na kompyuta ni kitu kimoja, unachomeka kwenye televisheni. Inaweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja. Akitaka ya nne, anazirusharusha haraka mpaka sikio linadanganyika.

Anamtungia Baba wimbo! Maana siku ya harusi Baba, aliyepiga tarumbeta kwenye bendi miaka thelathini, alimwambia mbele za watu: "Kijana, muziki usiotoa jasho ni kengele ya mlango." Mpenzi wangu akacheka. Lakini keki hakuimaliza. Anataka Baba amkubali. Nami nataka kuliko yeye.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwandalia zawadi! Kaseti moja pale mezani ilikuwa imeharibika — piiiii, halafu krrr krrr krrr, mpaka mwisho. Basi nimerekodi maneno ya mapenzi juu yake. Upande mzima! Nimemwita taa yangu, asali yangu, blanketi langu la baridi. Mwishoni nimeimba.

Jumanne, 11 Juni

Ole wangu! Kaseti ilikuwa nzima. Kumbe kompyuta ile huhifadhi kazi yake humo, na zile kelele ndizo wimbo wenyewe. Mashine huzisikiliza na kuzielewa. Leo imesikiliza "blanketi langu la baridi" ikakataa katakata. Wiki tano za kazi zimefutika!

Nililia. Yeye akasikiliza upande mzima, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akasema blanketi amelipenda. Nimeolewa na malaika!

Halafu nikakumbuka: wimbo ule nimeusikia kila nikikata vitunguu. Nikamwimbia la-la-la, yeye akawa anaziandika noti kwa namba kwenye kompyuta. Wifi alikuja kuazima pasi, akatukuta hivyo. "Haya, mimi sijaona kitu." Akaondoka bila pasi. Mahali pamoja nilikosea sauti. Mume wangu akasema niache vilevile, pametoka patamu.

Jumamosi, 15 Juni

Umekamilika! Kaseti mbili: moja ya kompyuta, yenye kelele; nyingine nakala ya kusikiliza kwenye redio ya kaseti. Mjomba amepita akielekea kwa wazazi, hana hata dakika ya kukaa, na mume wangu yuko bafuni. Nikampa kaseti ya Baba. Na safari hii sikukosea! Baba yangu apewe nakala? Haiwezekani. Nimempelekea wimbo wenyewe, ile ya kelele.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemweleza mume wangu. Amekaa sakafuni. Amesema "mpenzi" mara tatu.

Hapo hapo simu. Baba!

"Mwanangu, nimevaa koti, nimekaa kitini, nimeusikiliza mpaka mwisho."

Nikafumba macho.

"Ule mwanzo! Kashikilia noti moja, haitikisiki, hapumui! Miaka thelathini ya tarumbeta, sikuwahi kuweza hivyo. Ya katikati sijayaelewa, lakini jasho nimeliona. Hebu nipe mkwe wangu."

Mkwe wangu! Hajawahi kumwita hivyo! Nilitaka kuibusu simu.

Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili. "Asante Baba. Naam Baba. Shikamoo Baba." Kwa mpangilio huo huo. Mimi sikio nimelibandika kwenye shavu lake. Kumbe Baba ameshawaalika wazee wenzake wote wa bendi. Anataka mkwe wake aende akaupige mbele yao, na ile noti ya mwanzo asithubutu kuifupisha!

Mume wangu akaziba simu. "Nimwambie ukweli?"

Nikatikisa kichwa. Halafu nikakubali. Halafu nikatikisa tena. Sijui!

"Mko wapi?" Baba akauliza. "Haloo?"

Mpenzi wangu akavuta pumzi ndefu, kama mpiga tarumbeta kabisa.

"Tutakuja, Baba. Mimi, binti yako, kompyuta na televisheni. Kabla mwezi haujaisha. Ile noti sitaifupisha; kelele zikiisha, ndipo wimbo utaanza."