Wimbo Ambao Mzee Ojera Hajaumaliza

Kyebando, Jumapili

Kaka Olal,

Sisi tuzima. Mvua imenyesha wiki nzima na paa la jikoni linavuja tena. Ila mimi sikai, sisimami. Unajua kazi yangu ya redio, kuhoji wasanii. Juzi nilimfuata Mzee Ojera kule Kamwokya, yule mpiga lukeme, kinanda kidogo cha vidole gumba, anayetunga nyimbo za msiba. Alinieleza anavyowauliza wafiwa marehemu alicheka vipi, alipenda nini, kisha analiweka jina lake katikati ya wimbo. Nikamuuliza, "Na sasa unamtungia nani?" Akaifunika simu yangu ya kurekodia kwa kiganja.

"Mama yako alikuja," akasema. "Anataka wa Olal. Anasema mtoto alienda kazi ya ulinzi Arabuni, mwaka wa pili huu hapigi simu, naye amechoka kungoja bila ruhusa ya kulia."

Nilimfokea, Kaka. Nikamwambia wewe hujafa. Akajibu hata yeye hana hakika, ndiyo maana bado anatafuta sauti ya kuanzia.

Jirani yetu Abalo anakuja huko Arabuni kufanya kazi. Nimempa barua hii, akutafute.

Piga simu kabla mzee hajaipata sauti hiyo.

Mdogo wako,
Aciro