Eilif Kaziba Tundu la Hewa

Ragna uko? Nipo gatini natetemeka. Eilif nusura atuue!

Tangu tufike kisiwa hiki theluji haijakoma, jiko la mafuta linawaka mchana kutwa mashuani. Leo tumemaliza kula tu, kichwa kikaniuma, miguu ikaishiwa nguvu. Paka namwita, hata sikio hatikisi.

Nikatambaa nikafungua mlango. Kucheki tundu la hewa, limezibwa. LIMEZIBWA, Ragna!

Eilif eti, "Si ulilalamika baridi, mpenzi?"

Baridi!! Miaka yote hii tunaishi mashuani, mtu anaziba tundu jiko likiwaka?

Paka kazinduka, katapika. Eilif analia tu.

Na unajua kaziba na nini? Zile soksi ulizonifumia Krismasi, ukasema nisije nikafa kwa baridi.