Upande wa Kitufe cha Kufuta

Jumatatu, 9 Septemba

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyemwombea mimi kazi katika ofisi hii na ambaye sasa ndiye mkuu wangu, leo amenivunjia heshima mbele ya watu. Alionyesha ukutani vitufe, visanduku na orodha za programu nilizozisanifu mwaka mzima — akaziita kazi yake. Kisha akanigeukia: Mjomba, msimbo wako wa programu ulikuwa mzito kama koti la mvua, nimeupunguza. Wakacheka. Hata mhasibu alicheka, naye hajui kitufe hutengenezwaje.

Ulimi ni upanga. Wangu nimeurudisha alani kwa sasa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetazama alichokipunguza. Ni ile mistari yangu iliyouliza kila kompyuta: kwako wewe, kitufe cha kukubali hukaa upande gani? Maana mifumo haifanani. Upo unaokiweka kulia, upo unaokiweka kushoto, na mkono wa mtumiaji huzoea pasipo kuyauliza macho. Yeye amekigandisha kulia. Kwenye mashine yake kunapendeza. Kwenye mashine za zahanati iliyoagiza programu, programu ikiuliza kama ifute faili, pale mkono ulipozoea kukuta Ghairi utakuta Futa.

Hakujaribu kwingine. Mimi nina mashine za mifumo yote mezani. Amezitania kuwa ni duka la vyuma chakavu.

Nimeona. Nimenyamaza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alhamisi, 12 Septemba

Dada amepiga simu. Kaka, mwanangu anasema umemnunia. Yule ni mtoto, msamehe. Mtoto — mwenye ndevu na gari la ofisi. Sikusema kuwa nimesamehe. Nilisema Mungu anajua. Na ni kweli, anajua.

Nimefundishwa tangu udogoni kuwa kisasi ni cha Mwenyezi Mungu. Nami simpokonyi. Namsubiri tu, kwa adabu, nikiwa nimeketi mahali pa kuonea vizuri.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeswali vibaya. Katika sijda nilimwona mpwa wangu mbele ya wateja, jasho likimchuruzika, nikafurahi. Nikarudia swala. Nikafurahi tena.

Jumatano, 18 Septemba

Naandika nikiwa kwenye korido. Ndani, wageni wa zahanati wanaketi, wamekuja kuijaribu programu. Karani wao ni mama wa makamo, aandikaye bila kutazama vidole. Ndiye atakayeshika kipanya. Amekuja na kompyuta yake. Nilimsalimu, nikamwuliza kama ameleta majina ya mfano.

"Ya mfano ya nini, baba? Mkuu wenu kasema tuje na faili zenyewe, tuone inavyokwenda. Humu wamo kina mama wote wanaosubiri kujifungua."

"Na nakala?"

"Nikirudi nitatoa. Kanihakikishia hakiharibiki kitu. Mbona wanitisha, mzee wangu?"

Nilimlenga mtu mmoja. Mama huyu sikumlenga. Lakini nikisema sasa, mpwa atarekebisha kabla ya chai kupoa, atapigiwa makofi, nami nitarudi mezani kwangu kuchekwa. Acha ianguke! Nimeliandika neno hilo na silifuti. Faili za kina mama, je? Hapo mkono unasita.

Kisha akatoka mpwa wangu, ananukia manukato, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama alivyokuwa akifanya zamani akija kwangu likizo. Mjomba, wageni ni watu wa dini. Tufungulie kwa dua. Iombee kazi yetu, pasiharibike kitu.

Kazi yetu. Leo ndiyo imekuwa yetu.

Mbele ya watu naweza kunyamaza mpaka kaburini, na hakuna atakayeniita mwongo. Lakini huko ninakotumwa kuomba, Anayeombwa anakijua ninachokijua. Nimwombe ailinde kazi ambayo nimekaa wiki nzima nikiisubiri ivunjike? Niitikiwe amina kwa maneno ambayo moyo wangu unayakataa? Na nikiomba kwa dhati, itabidi nianze kwa kumwambia mpwa wangu — na hilo, Mola nisamehe, bado silitaki.

Ananiita tena. Wamekwisha kusimama. Kwa mlango ulio wazi namwona karani, kompyuta imewashwa mbele yake, viganja ameviinua, macho ameyafumba.

Nakwenda. Neno la kwanza sijalipata.