Tundu Lililoruka Ukurasa wa 29

Jumanne, 1 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Watoto waliopita jana usiku kuomba pipi za Halloween wameniachia karatasi ngazini, na boga langu limeshaanza kuoza.

Barua leo, ya mkono, kutoka kwa Bi Vernice Peters. Anasema bibi yake alikuja hapa Maktaba ya Ludden mwaka 1931. Walimkalisha kwenye benchi la ukumbini saa mbili nzima kabla ya kumruhusu kuingia. Kisha wakamwonyesha kile kitabu chetu kidogo cha vita vya 1675 kati ya walowezi na wenyeji, naye akanakili majina kumi na moja kutoka pambizo la ukurasa wa 29. Ni watu wa ukoo wake, wenyeji waliopelekwa kufungwa kisiwani majira yale ya baridi. Mchungaji mmoja aliyaandika kwa wino. Hayako mahali pengine popote.

Bi Vernice ana miaka 79. Anataka kuyaona kwa macho yake, na anaomba nisichelewe kumjibu kwa sababu figo zake hazina subira. Nimecheka peke yangu. Nimempenda kabla ya kumwona.

Nimemjibu: karibu Alhamisi tarehe 17. Kitabu sijakifungua hata. Nifungue cha nini? Ndani ya jalada la nyuma kuna maandishi ya penseli: Kamili. C.B. 1998. C.B. ni mimi, Corinne Beaudry.

Alhamisi, 3 Novemba

Bwana Thaxter amekuja kunywa chai, kama kila Alhamisi tangu alipostaafu na kuniachia kiti chake cha mtunza vitabu. Ana donati za maji ya tufaha kwenye mfuko wa karatasi, miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kama rula. Amecheka penseli zangu, eti bado nachonga kama mkata kuni. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii na bado mbele yake najiona mgeni wa juzi.

Nikakumbuka wiki yangu ya kwanza. Nililaza kiganja juu ya ukurasa, akanichapa mkono kwa rula — taratibu, lakini alinichapa. Kiganja kina jasho na mafuta, alisema, hakilazwi juu ya karatasi, hata nyumba ikiwaka moto. Kila ninachokijua nimekipata kwake. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenishika kiwiko kaburini.

Alipokuwa anavaa koti akasema, "Yule mama wa ukurasa wa 29, usimpe matumaini sana, mwanangu. Mabibi hukumbuka mengi ambayo hayakuwepo."

Mimi sijamtajia barua. Doreen, mkurugenzi wetu, atakuwa amemwambia.

Ijumaa, 4 Novemba

Doreen hakumwambia. Hana habari na Bi Vernice yeyote, ameniuliza mara mbili jina linaandikwaje. Barua iko kwenye droo yangu. Droo ina ufunguo. Ule wa pili, aliokuwa nao Bwana Thaxter, tulikubaliana zamani kwamba umepotea.

Nimekitoa kitabu.

Ukurasa wa 29 upo. Maneno yote ya chapa yapo. Pambizo ni tupu — hakuna wino, hakuna doa, hakuna hata kivuli cha wino uliofutwa.

Nikajiambia bibi alikosea ukurasa. Nikapitia kitabu kizima jani kwa jani, mara mbili. Hakuna majina.

Halafu nikaona tundu. Funza wa vitabu aliingia ukurasa wa 17 na kutokea wa 41, tundu dogo kama la pini, mahali palepale kila jani. Isipokuwa jani moja. La 29 halina tundu.

Funza haruki jani. Anakula kilicho mbele yake. Siku alipokuwa anakula, jani hili halikuwemo.

Nimefunga kitabu, nikanawa mikono, sijui kwa nini. Halafu nikaenda kusimama kwenye maegesho bila koti.

Jumatatu, 7 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma jana, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Saa kumi na nusu jioni giza, kwa hiyo nimefanya kazi mchana, dirishani, mlango umefungwa.

Karatasi ya zamani ukiinua mwangani unaona mistari ya wavu uliotumika kuitengeneza. Jani la 29 halina mistari. Limechapwa siku hizi, likatiwa rangi kwa chai au kitu kama chai, likabandikwa kwa gundi ya wanga. Gundi nimeinusa. Ina karafuu. Namjua mtu mmoja tu anayetia karafuu kwenye gundi, na alinifundisha kuipika.

Nimetoa vitabu vingine tisa. Vinne vina jani geni. Ramani moja, picha mbili, na ukurasa wa jina. Vyote vinne: Kamili. C.B. 1998.

Mwaka ule tulihesabu majani mimi na Bwana Thaxter, kwa desturi ya nyumba hii. Mmoja anashika kitabu na kusoma herufi na namba iliyo chini ya kila jani. Wa pili anakaa upande wa pili wa meza na kuweka tiki. Aliyeweka tiki ndiye anayetia herufi zake kwenye jalada, kwa sababu ndiye mdogo, na mkono wa mdogo ndio unaotakiwa kuzoea. Yeye alisoma. Mimi niliweka tiki. Vitabu mia tatu na kumi na mbili, majira mazima ya baridi, na sauti yake ilikuwa nzuri hata nikawa naikosa Jumapili.

Sikuangalia jani hata moja. Nilisikiliza.

Jumatano, 9 Novemba

Sijamwambia mtu. Najionea haya.

Alhamisi, 10 Novemba

Nilikusudia kumwambia kichwa kinauma, asije. Akaja.

Hakungoja nimuulize. Alikoroga chai yake, akaniambia kwa upole kwamba amesikia natoa vitabu bila kujaza karatasi ya kutolea vitabu kabatini, na kwamba hayo si mazoea mazuri kwa mtu ambaye amebakiza miaka minne kupata pensheni. Alisikia wapi? Wiki nzima ghala halikuingiwa na mtu ila mimi. Nikamwambia gundi ina karafuu. Hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu kama siku nilipotambua wavu wa karatasi kwa mara ya kwanza.

Akasema maktaba hii ingeshafungwa tangu zamani. Kwamba paa halikujitengeneza lenyewe, fedha ilitoka mahali. Nikamuuliza majina yako wapi. Akasema kwa mtu anayeyatunza vizuri kuliko sisi. Nikamuuliza nani. Akachukua donati.

Kisha akasema, "Kwenye vile vitabu kuna herufi za mtu mmoja tu, Corinne. Nilikuambia zamani uzitie kwa penseli nyepesi."

Hajawahi kuniita Corinne. Siku zote ni mwanangu.

Nilimsaidia kuvaa koti. Ndiyo, mimi huyu. Mikono ilikwenda yenyewe.

Jumatatu, 14 Novemba

Doreen ameingia akiwa na furaha. Mwaka 2026 nchi inatimiza miaka mia mbili na hamsini ya uhuru, jumba la makumbusho kubwa limeomba kuazima vitabu vyetu kumi, na watu wa bima wanataka vihesabiwe upya. Amekwishapanga kila kitu. Bwana Thaxter amejitolea! Alhamisi hii, kama zamani, yeye asome na mimi niweke tiki. "Nyie wazee wa vumbi mtafurahi," akaniambia.

Nikamwambia siku hiyo nina mgeni. Akasema mgeni atasubiri kidogo ukumbini, pana benchi.

Nilifungua mdomo. Nikajiona mwenyewe nikisema: vitabu vitano, herufi zangu, ushahidi wangu ni harufu ya karafuu na tundu la funza. Nikafunga mdomo. Woga tu, sina jina jingine la kuupa.

Alhamisi, 17 Novemba

Chumba cha kusomea, saa nne asubuhi. Naandika kwa penseli, daftari liko chini ya fomu ya bima. Bwana Thaxter anadhani najaza tarehe.

Bi Vernice amefika mapema. Namwona kupitia mlango wa kioo, amekaa kwenye benchi, kofia ya sufu, mkoba magotini. Nilipotoka kumsalimu alinionyesha karatasi ya bibi yake, imekunjwa mara nne, majina kumi na moja kwa kalamu ya risasi. Akaniuliza kama ni benchi lilelile. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni gumu kama alivyoambiwa.

Ukweli sikumwambia. Nilisema, tusubiri kidogo, mama.

Bwana Thaxter ameanza na kitabu kile. Angeweza kukiweka mwisho. Amekiweka kwanza, akanitazama, akaanza. Sauti haijazeeka.

A. Tiki. A mbili. Tiki. Herufi ya B yote. Herufi ya C yote. Mkono wangu unafanya kazi kama wa mtu mwingine.

D. Tiki.

D mbili. Tiki.

D tatu.

Hilo ndilo jani. Penseli iko hewani.

Amerudia. "D tatu, mwanangu." Nimerudi kuwa mwanangu.

Huko nje Bi Vernice amesimama, amesogea karibu na kioo, ameshika ile karatasi.

Nimesema, "Geuza kitabu huku nikione, Bwana Thaxter."

Hajageuza. Hajafunga pia. Ananitazama, na amelaza kiganja chake chote, kitupu, juu ya ukurasa, na vidole vimebonyea. Nimehesabu mpaka ishirini. Hajakiondoa.