Neno Lililokatwa Kwenye Faili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukitembea bila fimbo, na kama bado unaishika, basi iwe ya kuwatishia kuku tu. Mimi mzima, ukiacha hivi vidole, ambavyo leo vimekubali kushika kalamu kwa shingo upande.

Umeniandikia kwamba umesikia nimekuwa mzembe wa sindano, ukanionya kuwa baridi yabisi haina mchezo. Mama, nilisoma nikachemka. Maneno hayo yalitoka kwa daktari, yakapita kwa kaka, yakakufikia yametiwa chumvi. Ukweli nakupa mimi mwenyewe.

Tangu mwanzo wa mwaka viungo vilianza kuvimba upya. Mkasi ukanishinda, nikabaki kushona vifungo, na bosi akaanza kuulizia fundi mwingine. Nikaenda kliniki. Daktari aliitazama mikono yangu akasema dawa ile haiwezi kushindwa hivyo, ila mimi ndiye sijichomi. Akaandika kwenye faili, nami nikisoma kutoka upande wangu wa meza: mgonjwa mkaidi. Akaongeza kuwa nikirudi katika hali hiyo, ataniondoa kwenye orodha ya wanaopewa sindano.

Mimi? Wiki iliyofuata nilirudi na kopo la biskuti, nikalimwaga mezani kwake. Mabomba matupu ya sindano arobaini na manne, kila moja na kitambaa chenye tarehe, kama tunavyozifunga nguo za wateja. Nilimwambia ayahesabu, kisha aipime damu yangu badala ya kuipima tabia yangu, na kwamba sitoki mpaka asaini karatasi ya kipimo. Muuguzi alijifanya anakohoa ili asicheke.

Majibu yalipokuja, daktari alinieleza kwamba dawa ile ni protini, nayo damu yangu imeiona kama adui, ikatengeneza kingamwili zinazoikamata kabla haijafanya kazi. Nilikuwa najichoma bure. Atanipa nyingine ambayo damu yangu haijakutana nayo. Akaniomba radhi, akalikata lile neno mbele yangu.

Lakini alikuwa ametaja jambo jingine: mtu akiiacha dawa kwa muda mrefu kisha akairudia, mwili unaweza kuishtukia zaidi. Hapo ulimi ukaniwasha, nikamweleza ukweli, na sasa lazima nikuambie na wewe. Ulipovunjika nyonga mwaka juzi, nikaja kukuuguza miezi minne, nilikuambia sindano zangu nimekuja nazo. Nilikudanganya. Kwako hakuna friji ya kuzitunza, na kurudi kliniki kila wiki mbili, nani angekugeuza kitandani? Kopo nilianza kulijaza niliporudi huku. Daktari alisema huenda ndiyo sababu, huenda siyo, hawezi kuapa.

Usilie, Mama, na usijilaumu. Hata ukianguka leo nitakuja vilevile. Nilimwambia hivyo hivyo daktari, nikamtaka alirudishe lile neno kwenye faili, ila sasa aandike pembeni yake ile miezi minne tu. Hiyo ni yangu, naikubali.

Msalimie kaka, mwambie akitaka habari zangu aniulize mwenyewe. Nakubusu mikono, na hiyo nyonga pia.

Mimi mwanao,
Mkaidi