Vishairi vya Picha vya Chiriku

Chumba cha juu, nyuma ya duka la saa,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Sisi tu wazima. Mgongo wa mama umepata nafuu, sasa anashuka ngazi bila kushikwa mkono. Salamu zimekwisha. Nina hasira nawe, tena si kidogo.

Uliniomba mwenyewe nimfundishe mwanao Chiriku Kihispania, kwa kuwa mwezi wa nane anakuja kuishi nanyi huko na wifi hajui neno la lugha yetu. Ndiyo kazi yangu, nikakubali. Mtoto wa miaka sita humwekei sarufi mezani. Nilimtungia vishairi vya picha: mahali pa neno nachora kitu, naye anakitaja kwa Kihispania, mstari unakamilika. Panya ndani ya droo: un ratón en mi cajón. Vina vilimchekesha mno. Alikuwa akiviimba huku anapiga mswaki, mpaka mama naye akishtuliwa na panya jikoni anapiga kelele, "Ratón!"

Jumapili iliyopita Chiriku alivaa gauni lake la kutokea ili akusomee kwenye simu. Alifika kwa panya tu, ulimi ukimtetemeka kwenye r ya ratón, ukaangua kicheko, na wenzako wakakusaidia kucheka.

"Panya gani huyo? Mbona analia kama mbuzi!" ulisema. "Dada, achana na michoro, mpe kitabu cha maana."

Halafu ukakata simu, eti una wageni.

Kaka, una akili timamu? Wewe si ndiye uliyekwenda dukani huko kutaka jabón, sabuni, ukarudi na jamón, paja zima la nguruwe? Ulituhadithia mwenyewe. Mwenye duka alikucheka mbele ya watu?

Mtoto alizitupa karatasi zote kwenye pipa, akazifunika kwa maganda ya viazi. Wiki nzima darasani kwangu wenzake wanaimba, yeye kafumba mdomo. Huyu tuliyempa jina la Chiriku kwa kusema! Nilimwonyesha kiti, akanijibu, "Kiti ni kiti, shangazi."

Jana, bila kuambiwa, alichukua penseli akachora kishairi chake. Dirisha, kitanda, bibi yake, mimi. Akakisoma chote: ventana, cama, abuela, tía. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Na papá, baba yako, yuko wapi?" nikamwuliza.

"Sijui kumchora," akasema. "Nakijua kicheko chake tu."

Basi sikia. Mwezi wa nane simleti. Utakuja wewe, ukae naye sakafuni, akutazame uso mpaka aweze kuuchora. Usiponielewa, kasirika, nami nimeshakasirika.

Mama anakusalimu. Mjomba fundi viatu anakusalimu. Wifi msalimie sana, yeye sina ugomvi naye. Mungu akulinde, na akulainishe huo moyo.

Chiriku hakutuma salamu.

Dada yako anayekupenda, ingawa leo kwa shida.