Vidole Vinne vya Mlango wa Kushoto

Mama watoto,

Nimewahi kazini. Gari nimekuachia. Bampa ya nyuma nimeimalizia kuipaka dawa ya plastiki, usiiguse mpaka saa nne.

Jana ulinicheka, eti nashinda nikiwang'arishia watu plastiki za magari yao huku zetu zimepauka kama majivu. Haya, leo alfajiri nimezisugua kwa brashi na sabuni, nikazipaka dawa. Zimerudi nyeusi tii, nenda kaone.

Imebaki ya mlango wa kushoto. Yale madoa meupe ni alama za vidole vinne vya binti yetu. Unakumbuka, siku moja kabla hajasafiri, alitaka kunifurahisha, akapaka gari zima nta ya kung'arishia rangi, hadi kwenye plastiki, ambako huacha weupe. Nikamgombeza! Kazini doa la nta nalitoa kwa dakika mbili. Leo nimesimama pale na brashi mpaka povu likanikaukia mkononi. Mwaka wa tatu huu tangu aondoke.

~~Kitambaa kiko juu ya friji, nimalizie wewe.~~

Hapana, usiyaguse. Akipiga simu mwambie sijayafuta. Aje ayafute mwenyewe.

Baba yake